Kuwapokea Wageni Mizigo

Kabula, ambaye majirani walimwita Mama Kija, alikuwa jikoni akikoroga uji wa mtama. Mlango ameufunga, moshi unamtoa machozi. Siku hizo Sitalike nzima ilipika hivyo, maana nyani walikuwa wameacha haya kabisa. Zamani walikaa ng'ambo ya Mto Katuma, ndani ya hifadhi. Sasa walivuka mchana kweupe. Juzi dume moja liliingia humo jikoni, likaondoka na ugali pamoja na mwiko wake.

Ugali si neno, utasongwa mwingine. Kilichomnyima Kabula usingizi ni shamba. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maziwa, na nyumbani hapakuwa na akiba nyingine. Nyani wakiyamaliza, watoto watakula nini?

Shamba lenyewe lilipakana na mawe makubwa ya mtoni. Hapo ndipo wageni walipokaa kutazama viboko. Walitoka Mpanda mjini, na mara mojamoja Wazungu na Landrova zao. Walikula wali, kuku na ndizi, wakaondoka. Nyuma yao ilibaki mifupa, maganda, chupa na mifuko ya nailoni.

Malale, mume wa Kabula, aliyakusanya yale makombo na kuyalundika pembeni mwa shamba.

"Wakishiba hapa, hawatagusa mahindi," alisema.

Siku moja Felisiani, jirani yao aliyekuwa askari wa hifadhi, alipita na baiskeli, akawakuta Kabula na mumewe shambani. Aliliona lundo, akacheka mpaka akaegemea baiskeli yake.

"Baba Kija, umewapa chai. Sasa wanasubiri chakula."

Malale hakucheka. "Tuelekeze basi, wewe unayeshinda nao porini."

"Nyani hasahau mahali alipopata cha bure," Felisiani alisema. "Kwanza anaokota mfupa kwenye mawe. Kisha anafuata maganda kwenye lundo lako. Likiisha, mahindi yako hapo hapo. Makombo yakikoma, atarudi kutafuta matunda yake porini. Na mifuko hiyo, ng'ombe wako akiila inamziba tumbo."

"Basi wageni waokote uchafu wao," Kabula alisema.

Malale akatikisa kichwa. "Mgeni umwambie okota? Labda kwenu Ufipa. Sisi Wasukuma hiyo ni aibu."

"Kwetu mgeni anakula vizuri," Felisiani akamjibu. "Kwenu anaonyeshwa ng'ombe tu, analala na njaa."

Waliendelea kutaniana, lakini Kabula hakuwasikia tena. Alikuwa anawaza. Mgeni akifika nyumbani, kabla hata ya salamu kwisha, si anapokelewa mzigo? Anayepokelewa mzigo haoni ametukanwa. Anaona ameheshimiwa.

"Hatutawaambia waokote," alisema. "Tutawapokea mizigo huku juu, kabla hawajashuka mtoni."

Mwenyekiti wa kijiji alikubali. Malale alichimba shimo kando ya barabara, mbali na shamba, likamfika kifuani, akalitupa humo lundo lake lote.

"Lifunike kwa magogo na mawe," Felisiani alimwambia. "Shimo lililo wazi ni sahani ya nyani."

Kabula naye alisimamisha kibanda cha nyasi, akatandika mikeka.

Jumatatu ya Pasaka lori la kwaya lilifika kutoka Mpanda. Kabula alisimama katikati ya njia ya kwenda mtoni, ameshika kapu.

"Karibuni sana. Nipeni mizigo."

"Asante mama, lakini tunakwenda kula kule kwenye mawe," alisema Dorotea, kiongozi wa kwaya, akiwa na hotpoti kichwani.

"Kuleni hapa kivulini. Mkishiba, mshuke mkawaone viboko mikono mitupu."

Mwanamume mmoja mwenye koti akasonga mbele. "Mama, tumekuja kupumzika. Hatukuja kuamrishwa."

Kabula hakusogea.

"Baba, unayaona mahindi yale? Ndicho chakula cha watoto wangu. Kila mfupa mnaouacha mtoni unamwita nyani aje shambani. Nipeni mizigo. Sitoki hapa."

Dorotea aliyatazama mahindi. Akaishusha hotpoti, akamkabidhi. Wengine wakafuata. Mwenye koti alikuwa wa mwisho, akanunanuna na kumpa mfuko wa mkate.

"Na ndizi zilizo ndani ya koti, baba," Kabula alisema.

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Yeye mwenyewe akacheka, akazitoa.

Walipomaliza kula, mifupa na maganda viliingia shimoni, na shimo likafunikwa. Chupa, makopo na mifuko ya nailoni vilitiwa kwenye kiroba, kikapakiwa kwenye lori. Vitu hivyo haviozi. Vilikuja na gari, vilirudi na gari.

Asubuhi yake nyani walifika kwenye mawe. Waligeuza hiki na kile, wasipate kitu. Dume lao lilikaa chini likamtazama Kabula, kama mteja aliyekuta duka limefungwa.

Hawakuacha siku hiyohiyo. Kabula na Malale waliendelea kulinda shamba, na kila gari lililosimama, Kabula alilipokea na kapu lake. Polepole nyani wakapungua, wakawa wanaonekana ng'ambo tu, juu ya miti yao.

Siku ya kuvuna, Malale alipita mstari kwa mstari. Mabua yaliyovunjwa yalikuwepo, lakini ya kuhesabika. Kisha akaita.

"Mama Kija, leta magunia mengine. Haya hayatoshi."