Diski Aliyoichagua Dhahabu

Kila Jumatano masomo yakiisha, wanafunzi wa chama cha kompyuta walikusanyika darasani, huku malori ya mafuta ya Changamwe yakitikisa madirisha. Walikuwa wakiunda kompyuta yao wenyewe, kipande kwa kipande. Kilichobaki kilikuwa diski, kifaa cha kuhifadhia kila kitu. Mwalimu Caroline aliwatuma Dhahabu, kiongozi wao, na Mwanatatu, msichana asiyesikia vizuri, wakaichague kwa fundi Mansur.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu." Mansur aliziweka mezani diski mbili. "Bei ni moja. Hii ndogo ni mpya. Hii kubwa imetumika miaka mitano, na dhamana sitoi."

Akaiwasha ile kubwa. Mwanatatu aliigusa kwa kidole, akakunja uso. "Hii inagonga ndani," akasema kwa sauti yake nzito.

"Hiii inagooonga!" Dhahabu alimwigiza. "Kiziwi kasikia, jamani!" Wanafunzi wenzao waliowafuata hadi mlangoni wakaangua kicheko. Mwanatatu aliuficha mkono ndani ya mtandio.

Dhahabu alichukua ile kubwa, apate kujigamba kwa ukubwa wake.

"Mlimwuliza fundi hali ya diski hii?" Mwalimu Caroline aliuliza waliporudi darasani.

Dhahabu alimpa Mwanatatu mgongo, asije akasoma midomo yake. "Ndiyo, mwalimu. Ni mpya kabisa."

Juma lililofuata Mwanatatu alileta simu kuukuu ya marehemu baba yake. Ndani yake mlikuwa na video moja tu. Baba yake alikuwa akimsemesha kwa mikono, akimwita jina lake kwa ishara waliyoijua wao wawili. Waliihamishia kwenye kompyuta. Siku chache baadaye simu ilizima, isiwake tena.

Jumatano ya nne kompyuta nayo ilikataa kuwaka. Ko, ko, ko, ililia, na safari hii kila mtu alisikia. Fundi Mansur aliitwa, akaifungua, akatikisa kichwa.

"Imekwaruzika ndani. Hamna cha kuokoa humu. Lakini si niliwaambia ni kuukuu?"

Mwalimu alimgeukia Dhahabu. "Mwambie mwenzako. Mtazame usoni."

Dhahabu alimgeukia Mwanatatu. "Video imepotea," alisema. "Nilidanganya."

"Baba?" Mwanatatu aliuliza.

Dhahabu aliinamisha kichwa. Ndipo Mwanatatu alipotoa mlio mzito, usio na neno ndani yake. Nyuma ya darasa mtu akacheka na kumwigiza, kama Dhahabu alivyowazoeza. Kicheko hicho kilimchoma Dhahabu kama kaa la moto.

Mwalimu Caroline alinunua diski mbili ndogo, mpya, na tangu hapo kila kazi ilihifadhiwa katika zote mbili. Mbele ya darasa zima Dhahabu aliomba radhi. Mwanatatu aliisoma midomo yake hadi neno la mwisho, kisha akaenda kukaa dawati la mbali.

"Mwalimu, hanisamehe," Dhahabu alilia.

"Kuomba radhi ni wajibu wako, kusamehe ni hiari yake," Mwalimu Caroline alijibu. "Diski tumepata nyingine. Baba yake utampata wapi? Alikwambia kweli, ukaicheka kwa sababu ya sauti iliyoisema, halafu ukaifunika kwa uongo. Sasa umemzikia baba yake mara ya pili. Futa machozi, ukae nayo hayo maishani, na usimfanyie mtu mwingine."