Uso wa Mathieu Ukutani

Tone la rangi nyekundu lilimwangukia Apolline begani, juu ya kikwembe, kitenge alichokivaa siku ile kwa mara ya kwanza, katikati ya msongamano wa wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Uvira. Akainua macho. Juu ya ngazi, kwenye ukuta wa baa, kijana mrefu alikuwa akichora wanawake waliobeba mabeseni.

"Weye! Uko kipofu?"

"Pole, dada. Minye nilikuwa naangalia shingo yako, mukono ikateleza."

"Na hiyo rangi iko nanuka kama samaki ya juzi!"

Kijana akacheka. Aliitwa Venant.

Apolline alitunga nyimbo za korali, kwaya ya parokia, na wimbo wake wa Pasaka ulikuwa umemkwama wiki tatu. Lakini alipoyatazama mabega ya wale wanawake ukutani, moja juu, moja chini, miguu yake ikaanza kufuata mwendo wao. Wimbo ukaja palepale. Tangu siku hiyo akawa anakuja kuimba chini ya ngazi, na Venant akachora akifuata sauti. Ilipopanda, mstari nao ukapanda. Wakapendana. Mathieu, mwalimu wa korali, akawatania: "Ninyi wawili mutaoana, ama mutapaka soko yote?"

Mwezi wa tano, mwaka wa nne wa uhuru, waasi wakaingia mjini. Mathieu, nje ya korali, alikuwa karani wa serikali. Wakamchukua, hakuonekana tena. Mama yake, Bernardine, alizunguka kila ofisi akiambiwa mwanawe amekwenda Bukavu.

Siku moja Apolline akapita pale kwenye baa. Wale wanawake wa ukutani walikuwa wamefutwa kwa chokaa. Mahali pao alichorwa komanda wa waasi, mnene, midomo inang'aa mafuta, buti zake juu ya kifua cha maiti. Maiti yenyewe ilikuwa na uso wa Mathieu. Apolline akatapika.

Akamkuta Venant nyumbani kwake, ananawa rangi mikononi.

"Usinikaribie! Unafanya Mathieu mukeka ya buti ya ule muntu?"

"Mupenzi, sikiliza kwanza..."

"Usiniite mupenzi! Kila mahali ulinigusa, nataka kukwangua."

Siku tisa hakuimba. Hata harufu ya rangi kwenye kile kikwembe ilimchefua. Siku ya kumi Bernardine akaja.

"Twende tuone mutoto yangu."

"Mama, ile picha iko uchafu."

"Iko uchafu, ndiyo. Lakini kabla ya ile picha nilikuwa ningali nangojea." Akamshika mkono. "Venant alimuona Mathieu amelala kule mutoni, amekufa. Angesema, bangemuua. Komanda akamulazimisha kuchora, akataka maiti. Venant akaweka uso ya Mathieu, minye nijue. Ule komanda hajui sura ya hata mumoja kati ya bale alibaua! Venant alikuja kunipigia magoti."

Mbele ya ukuta, wanawake walisimama wakijifanya wananunua ndagala. Apolline akajilazimisha kutazama. Mathieu alivaa shati la Jumapili, mdomo wazi kidogo, kama alivyokuwa akiwapa korali sauti ya kwanza. Apolline akaipata sauti ile, akaiimba chinichini. Maombolezo yakamtoka bila kuyatafuta. Mwanamke mmoja akaitikia, kisha wote, hadi askari wa waasi akatoka kwenye baa akiuliza ni nani aliyekufa.

Apolline akakimbia kwa Venant.

"Banauliza ile maiti ya ukutani ni nani. Tutoke sasa hivi!"

Walipofika karibu na kijiji cha Makobola, wamelowa jasho, Apolline akasema, "Nilikutukana."

"Ulikuwa na haki. Chakula hainipiti. Hata ile buti nilichora muzuri, Apolline. Njo hiyo inanichukiza: nilichora muzuri."

Wakatembea, ziwa upande wa kushoto.

"Utaolewa na muntu kama minye?" Venant akauliza, hamtazami.

"Nitaolewa. Lakini usinichore. Hata siku moja."

"Sitakuchora."

Apolline akaushika mkono uliochora ile buti, wakaendelea na njia ya Fizi.