Lerionka Alivyodai Kondoo wa Suluhu

Jamani watu wa Sekei, ya Lerionka mnayasimulia kombokombo. Mimi Marta nilikuwepo. Enzi hizo za Wajerumani niliuza ndizi mbivu mlangoni pa boma la Arusha, na umbea wangu mnaujua, sikatai.

Lerionka aliishi kwa raha zake. Migomba ilinona, mke wake Namnyaki alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Saitoti, na zizini alikuwepo ng'ombe mmoja wa maziwa. Namnyaki aliugua baada ya uzazi, maziwa yakamkauka, hivyo mtoto akawa anaishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo tu. Hilo mlishike.

Kiangazi kikaja, Lerionka na jirani yake Sakaya wakagombania maji ya mfereji mpaka wakanyanyuliana fimbo. Wakakubaliana wazee watano wawasuluhishe. Kwa desturi yetu kila mmoja wa wale wagomvi wawili alileta kondoo, wazee wakasikiliza siku mbili, na siku ya tatu nyama ikaliwa pamoja. Wakaamua maji ya asubuhi yawe ya Lerionka, ya jioni ya Sakaya. Sakaya, aliyezoea kuyachukua yote, alikubali.

Si yangeishia hapo? Wapi! Siku moja Lerionka alikuja kununua ndizi, akamsikia karani wa boma akisema kwamba kwa Wajerumani anayeshindwa hulipa gharama zote za shauri.

"Kumbe!" Macho yakamtoka. "Basi Sakaya anilipe kondoo wangu."

"Kondoo si ulimla?" nikamuuliza.

"Nilimla, ndiyo. Lakini mimi ndiye niliyeshinda. Mshindi anagharamiaje?"

Swali likanikaa kichwani. Wazee waliamua habari ya maji, lakini gharama ya kikao chao ni ya nani? Nilitaka mno kujua. Mungu anisamehe, nikamwambia, "Nenda ukaulize."

Nyumbani Namnyaki alimsihi. "Baba Saitoti, maji tumepata. Unatafuta nini tena?"

"Haki yangu," akajibu, akaenda kushtaki.

Bwana shauri, ndivyo tulivyomwita Mjerumani aliyesikiliza kesi, akaagiza Sakaya na wale wazee watano waletwe. Walikaa barazani siku tatu wakingoja zamu yao, wanalishwa na boma, mashamba yao hayana mtu. Kesi ilipoitwa, niliacha ndizi zangu, nikajibanza dirishani.

Bwana shauri akamgeukia Mzee Loishiye, mkubwa wa wale wazee. "Mliamua nani alipe kondoo?"

"Bwana, kondoo si malipo," mzee akasema. "Kila mmoja alileta wake kwa sababu kila mmoja alinyanyua fimbo. Walipokula pamoja, ugomvi ukaisha. Tukisema mmoja arudishiwe, tumeufufua."

Mjerumani akajikuna ndevu, akaandika weee, mpaka nikahisi miguu inakufa ganzi. Kisha akasema, "Uamuzi wa wazee juu ya maji siugusi. Gharama za kikao chao waligawana kwa desturi yao, nazo sizigusi. Lakini shauri la leo ni jingine. Nani amelileta?"

"Mimi, Bwana."

"Na umeshindwa. Chakula cha wazee, ada ya boma na siku alizopoteza Sakaya, utalipa wewe. Rupia kumi na mbili."

"Bwana, lakini mimi nilishinda!"

"Kwa wazee ulishinda. Hapa umeshindwa."

Rupia hakuwa nazo. Askari akaenda naye Sekei, akamfungua ng'ombe awe badala ya rupia. Namnyaki alimfuata askari mbio mpaka njia panda. "Mwanangu atakunywa nini?" Askari akaendelea kumswaga ng'ombe. Mimi niliyemwambia mumewe aende nilikuwa nimesimama palepale, nikaona aibu hata ya kumtazama.

Siku tatu mtoto alilishwa uji mwepesi wa ndizi. Akaharisha, akalia mpaka sauti ikakauka. Lerionka alijifungia ndani kwa aibu. Siku ya nne Namnyaki akambeba mtoto, nami nikamshika mkono, tukaenda kwa Sakaya. Nilidhani atatufukuza.

Sakaya akamtazama mtoto, kisha akamwita mkewe. "Ndeshi, leta maziwa haraka!" Mtoto aliposhiba, akamwambia Namnyaki, "Wewe mgonjwa usipande tena mlima huu. Kesho aje baba yake."

Lerionka alikwenda. Miezi minane, kila asubuhi, alisimama na kibuyu langoni kwa Sakaya akingoja ng'ombe akamuliwe. Saa hiyo ndiyo ya maji yake, nayo yalipita mferejini yakaenda zake, kwa kuwa hakuwepo wa kuyafungulia shambani.

Funzo

Ndugu zangu, mkiwapa watu wawasuluhishe, ulizeni mapema gharama zitabebwa na nani, na jibu likitoka, likubalini. Kushinda kwa wasuluhishi hakukupi ushindi katika kila shauri utakalofungua baadaye. Anayeleta shauri la pili bila sababu ndiye hulilipia. Nanyi mnaopenda kujua mambo kama mimi, kaulizeni wenyewe, msimtume mwenye mtoto mchanga.