Nyaya za Meza Namba Tatu

Marehemu alikutwa ameketi sakafuni jikoni kwake, mgongo umeegemea kabati la vyombo, simu bado iko mkononi. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake. Binti yake ndiye aliyemkuta, Jumanne saa kumi alasiri, alipompelekea dawa.

Daktari wa polisi hakuchukua muda. Kiharusi. Hakuna jeraha, hakuna sumu, hakuna mlango uliovunjwa. Inspekta, mwanamke wa miaka hamsini mwenye goti bovu na haraka ya kwenda nyumbani, alikwishafunga daftari lake wakati binti yule alipomwekea simu ya baba yake mbele ya macho.

"Alipiga namba ya dharura saa nane na dakika tano. Waliongea dakika ishirini na tatu. Gari la wagonjwa linaegeshwa mitaa minne kutoka hapa, afande. Niambie walikuwa wanaongea nini."

Inspekta akalifungua daftari tena.

Kituo cha simu za dharura kilikuwa chumba kirefu kwenye ghorofa ya pili, chenye meza tano na kiyoyozi kilichokohoa. Asubuhi ya Jumatano Meneja aliwapokea Inspekta na Koplo wake mlangoni, akiwa na jibu tayari mdomoni. Alieleza kwamba mpokeaji wa meza namba tatu alikuwa ametoka likizo ya uzazi siku hiyohiyo ya Jumanne. Alileta pampu ya kukamulia maziwa. Lazima alichomoa kitu chini ya meza ili achomeke pampu yake. Skrini ikazima, mzee akafa. Alikwishamsimamisha kazi.

"Mama mwenye kichanga akili yake iko nyumbani," alisema. "Mimi sina cha kuongeza."

"Kumbe unacho," Inspekta alimjibu. "Niwekee sauti ya simu hiyo."

Walisikiliza wakiwa wamesimama. Kwa dakika ishirini na tatu mzee hakutamka neno. Alipumua tu, pumzi nzito ya mtu aliyebeba mzigo ngazini. Sauti ya mpokeaji ilikuwa ya chini, tulivu.

"Baba, kama unanisikia, gonga simu mara moja."

Kikasikika kishindo kimoja.

"Vizuri, baba. Ramani yangu imezima. Nitakutajia mitaa, mmoja mmoja. Ukisikia mtaa wako, gonga."

Akaanza kutaja. Mji una mitaa zaidi ya mia tatu, naye aliitaja kwa kichwa, bila kukimbia, na kila baada ya mtaa alisubiri. Alipofika wa sitini na kitu pumzi ilikuwa imenyamaza. Hata hivyo aliendelea kutaja.

Koplo alitoka nje kidogo. Aliporudi alisema amekwenda kutema mate.

Meza namba tatu ilikuwa safi juu: skrini mbili, kibodi, kipanya, na kisanduku cheusi kinachotosha kiganjani, ambacho watu wa ofisi hukiita doki. Fundi wa kompyuta, aliyeitwa kwa simu, alieleza inavyofanya kazi. Kila mpokeaji huja na kompyuta mpakato yake na kuchomeka waya mmoja tu kwenye doki. Nyaya nyingine zote zimeshika doki kwa nyuma: umeme, skrini, intaneti. Simu ikiingia, skrini ya kushoto huonyesha ramani na mahali mpigaji alipo, hata kama hawezi kusema.

"Doki ikifa?" Inspekta aliuliza.

"Unabaki na kompyuta isiyojua chochote. Zenyewe ni nyembamba, zina tundu moja. Huwezi kuchomeka skrini moja kwa moja."

"Asingeweza kumpa simu jirani yake?"

"Ukihamisha simu, ramani haihami nayo. Mahali panasomwa mara moja tu, simu inapoingia."

Fundi alifungua kumbukumbu za kompyuta. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, doki ilikuwa imekatika na kurudi mara arobaini na moja. Saa nane na dakika tatu ilizima kabisa. Ilirudi saa nane na nusu, yenyewe, bila kuguswa na mtu.

Inspekta alimwangalia Meneja. "Hiyo pampu ilichomekwa na kuchomolewa mara arobaini na moja?"

Meneja alisema yeye si fundi.

Inspekta akavua koti, akapiga magoti na kuingia chini ya meza. Koplo alimmulikia tochi. Chini ya meza nne nyingine nyaya zilijazana kama matumbo ya kuku, zimekamatwa na vibana vya plastiki, kila waya na kikaratasi chenye mwandiko wa fundi. Chini ya meza namba tatu nyaya nene tatu zilishuka pamoja, zimepindana kwa mpangilio, moja juu ya nyingine, hadi ncha iliyokunjwa na kufichwa ndani.

"Zimesukwa," Koplo alisema. "Afande, hizi zimesukwa kama nywele."

"Naona. Nina mabinti watatu."

Fundi aliinama, akatikisa kichwa. "Hiyo si kazi yangu. Ukisuka nyaya, siku unataka kutoa mmoja unafumua zote. Mimi nakuja hapa Ijumaa kwa Ijumaa, nitapata wapi muda wa kusuka?"

Kisha akageuza doki na kusoma namba iliyobandikwa tumboni. Akafungua orodha yake, akasoma tena.

"Hii si doki ya meza namba tatu. Hii ni ya namba tano."

Waliangalia meza namba tano. Doki ya namba tatu ilikuwa pale, nzima, ikiwaka taa yake ya kijani bila wasiwasi. Aliyeketi mbele yake alikuwa mama mnene wa makamo mwenye miwani, akimwelekeza mtu jinsi ya kumlaza mgonjwa ubavu. Hakugeuka.

"Nani huyo?"

"Dada Mkubwa," Meneja alijibu. "Ana miaka kumi na tisa hapa. Amewafundisha wote. Huyo usimguse, jana alikuwa mapumziko, hakuwepo kabisa."

Inspekta hakumgusa. Aliwaagiza watu wa maabara wapige picha na kuchukua alama za vidole. Doki zote mbili zikatiwa kwenye mifuko ya vidhibiti, zikaandikwa namba, zikapelekwa kituo cha polisi. Ndivyo kanuni inavyotaka. Meneja aliuliza meza hizo mbili zitafanyaje kazi. Inspekta alimwambia atafute nyingine. Meneja alicheka kidogo, akasema ghala halina hata moja.

Mchana Inspekta alikwenda kwa mpokeaji aliyesimamishwa. Wenzake walimwita Sauti. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, akinyonyesha mtoto wa miezi mitano kwenye kochi lililofunikwa shuka. Mumewe alisimama dirishani kama mtu anayesubiri kufukuzwa nyumba. Walikwishaambiwa kosa linaitwaje: kusababisha kifo kwa uzembe. Walikwishaambiwa pia miaka ya kifungo chake.

"Mtoto anaruhusiwa gerezani?" Sauti aliuliza kabla ya salamu.

Inspekta alimwambia waanze na mengine. Sauti alieleza kwamba pampu alikuwa nayo, lakini aliitumia chooni, kwa betri. Asubuhi ile alimwambia Meneja mara tatu kwamba skrini inazima. Meneja alimwambia azime kompyuta na kuiwasha. Alizima na kuwasha.

"Kwa nini ulirudi kazini Jumanne?"

"Nilitakiwa kurudi wiki ijayo. Meneja alinipigia Jumatatu jioni, mtu anaumwa, niwahi. Nikawahi." Akamhamishia mtoto titi la pili. "Najua mitaa yote kwa mpangilio wa magari yetu, afande. Nilianzia kaskazini. Kila nikifumba macho najiambia, ningeanzia kusini."

Mtaa wa mwalimu ulikuwa kusini.

Mtoto alivuta msuko mmoja wa mama yake. Ulikuwa mpya, umebana vizuri, ncha imekunjwa na kufichwa ndani.

"Nani amekusuka?"

"Dada Mkubwa. Nilikwenda kumsalimia Jumapili, akasema siwezi kurudi kazini kichwa kikiwa hivi. Hutusuka wote, wakati wa mapumziko." Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Nikamwambia bado nina wiki nzima. Akasema basi unanipotezea misuko yangu, itakuwa imelegea."

Inspekta aliandika neno Jumapili, akalipigia mstari.

Alhamisi asubuhi Dada Mkubwa alikuja mwenyewe kituo cha polisi, kabla hajaitwa. Alikuwa amevaa sare ya kazi iliyopigwa pasi, na mkoba mapajani. Inspekta alimsomea onyo: ana haki ya kukaa kimya, atakalosema linaweza kutumika mahakamani.

"Najua, mwanangu. Andika."

"Ulibadilisha doki lini?"

"Jumatatu saa kumi na moja jioni. Zamu imeisha, wengine wako kwenye lifti, wa usiku, wawili tu, hawajaingia."

"Kwa nini?"

"Yangu ilikuwa inaumwa. Mwezi mzima inazima na kuwaka. Nimejaza fomu ya maombi mara nne." Alifungua mkoba, akatoa nakala nne. Juu ya kila moja Meneja alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu: Imeonekana. "Wiki iliyopita ilizima nikiwa na mama anajifungua njiani. Dakika moja tu. Nikapoteza ramani, nikaipata. Yule mama alipona. Mimi usiku huo sikupona."

"Kwa nini usihamie tu meza namba tatu?"

"Kila meza ina eneo lake la mji na laini zake. Namba tano ni yangu miaka kumi na tisa. Na kugusa vyombo ni kosa, tumesaini. Kwa hiyo niliichukua ya meza isiyo na mtu. Nikaiweka mbovu pale ikapumzike. Ijumaa ningemnong'oneza fundi."

"Isiyo na mtu."

"Alikuwa na wiki nzima nyumbani. Aliniambia mwenyewe, kichwa chake kikiwa hapa." Alionyesha magoti yake. "Jumanne nilikuwa nyumbani nafua. Hakuna aliyenipigia kuniambia mtoto yule amerudi. Wanipigie kwa nini?"

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimgusa kiwiko, akaendelea.

"Na nyaya? Kwa nini ulizisuka?"

Dada Mkubwa aliitazama mikono yake kama vitu vilivyosahauliwa pale na mtu mwingine. "Nilikata vibana vya fundi ili nitoe doki. Sikuwa na vingine. Zikawa zinaning'inia, na yeye ana kichanga, anachoka, nikaona akirudi atajikwaa. Nikazisuka. Hata sikuwaza. Mikono ilikwenda yenyewe."

"Jumatano ulituona. Ulikuwa mita tatu kutoka kwetu. Mbona hukusema?"

Dada Mkubwa alizipanga upya zile nakala nne.

"Nilimsikia Meneja akisema ni pampu. Nikajiambia, labda kweli ni pampu. Niliishika hiyo labda siku nzima. Jana jioni mume wa Sauti alinipigia. Ananiomba mimi, mkubwa wao, nimwombee kwa Meneja mkewe asifungwe." Akavua miwani. "Mimi ndiye niliyemfundisha kutaja mitaa. Nilimwambia ramani ikikufia, anza kaskazini, ushuke."

Alisaini maelezo yake kwa mwandiko mzuri, kila ukurasa.

Kabla ya saa sita Inspekta alikuwa mbele ya Mkuu wa Upelelezi. Aliomba mambo mawili. La kwanza, Sauti afutiwe tuhuma. Hilo lilipita palepale. La pili, Meneja ahojiwe kama mtuhumiwa, kwa fomu nne na malalamiko matatu ya asubuhi. Mkuu alizisoma fomu zote. Akasema Meneja ameandika imeonekana, na kweli ilionekana. Kosa gani la jinai hilo? Wapeleke barua ya ushauri kwa mwajiri.

"Mwajiri ataandika imeonekana, mkuu."

"Pengine. Lakini aliyegusa doki ni mmoja."

Inspekta aliteremka mwenyewe kumwambia Dada Mkubwa. Alimkuta kwenye benchi la mahabusu, akimfumua askari wa kike msuko uliokuwa umelegea. Askari alisimama haraka kwa aibu. Inspekta alimwonyesha kwa mkono akae.

"Sauti amefutiwa tuhuma," alisema. "Amerudi kazini leo."

"Ameketi wapi?"

"Meza yake. Namba tatu."

Vidole vikasimama katikati ya nywele. "Na doki gani?"

Inspekta aligeuka kutazama ngazi. Zote mbili, ile mbovu na ile nzima, zilikuwa ghorofani kwenye kabati la vidhibiti, zimefungwa kwa lakiri yake mwenyewe. Hazitoki hadi mahakama iamue, na tarehe ya kwanza ilikuwa mwezi ujao.

Alipanda ngazi akipuuza goti. Alimwomba mtunza vidhibiti amwazime ile nzima, kwa saini yake. Akakataliwa. Alimrudia Mkuu, naye akamwambia aandike maombi. Akaandika. Mkuu aliyasoma taratibu, akachukua kalamu, akaandika neno moja pembeni.

Inspekta akaenda mezani kwake na kupiga simu kituo cha dharura, namba ya ofisi. Sauti ndiye aliyepokea.

"Skrini inawaka?" Inspekta aliuliza.

"Hapana, afande. Lakini nimejipanga," Sauti alijibu. "Leo naanzia kusini." Kisha akaomba radhi, laini nyingine ilikuwa inaita.