Abduni Ajifunza Kuchana Nywele za Nabra

Abduni alikosa vitu vingi. Hakuwa na mama, wala mama mkwe wa kumsaidia. Hakuwa na chanuo. Hakuwa na sabuni nyumbani ila ile ya kufulia. Asubuhi, kabla ya chai, hakuwa na subira. Na kwa miezi mitatu sasa, hakuwa na mke nyumbani. Mkewe, Saadia, alikuwa amelazwa katika hospitali ya kifua mjini Aswan. Huko watoto hawaruhusiwi kuingia wodini.

Alichokuwa nacho ni binti wa miaka minne aitwaye Nabra. Na Nabra alikuwa na nywele.

Zilikuwa nywele nyingi, nyeusi, nene. Kila unywele ulikuwa umejisokota wenyewe. Siku ile Saadia alipoondoka, alimkalisha mtoto kati ya magoti yake, akamsuka misuko midogo midogo kichwa kizima. Kisha akafunga mzigo wake, akaenda.

Abduni alikuwa fundi wa kamba. Alisokota kamba za nyuzi za mtende, nazo zilifunga punda na ndoo za visima pande zote mbili za mto. Kila asubuhi alipika maharage, akamlisha Nabra kwa mkate, akampeleka kwa dada yake, Sharbat. Kisha akaenda kazini. Nabra alicheza mchangani na watoto wa shangazi yake mpaka alasiri.

Wiki zikapita. Misuko ikaanza kulegea. Mchanga ukaingia ndani yake. Sharbat akamwambia kaka yake kwamba ile misuko inatakiwa ifumuliwe. Abduni akasema kesho. Ukweli ni kwamba hakutaka kuifumua. Ilisukwa na mikono ya Saadia, na kila alipoitazama aliona mkewe bado yuko karibu.

Kwa hiyo misuko ilikaa miezi miwili na nusu. Nywele zilizokatika zenyewe zikashikana na zile nzima. Kisogoni pakawa na fundo moja kubwa, gumu kama kitambaa kilichokanyagwa.

Hatimaye Abduni akaifumua. Akamwosha Nabra kichwa kwa sabuni ya kufulia. Akamkalisha juani mpaka nywele zikauka kabisa. Kisha akachukua kitana cha chawa, chenye meno yaliyobanana, akakishindilia utosini na kuvuta.

Nabra alipiga kelele hadi majirani wakatoka. Kitana kikavunjika meno mawili. Abduni akajaribu tena siku ya pili, na siku ya tatu. Siku ya nne alipomwita, Nabra hakuja. Alimkuta amejificha nyuma ya mtungi wa maji, mikono yote miwili juu ya kichwa.

Jambo hilo lilimwuma Abduni kuliko alivyotaka kukiri. Zamani, akirudi kazini, mtoto alimkimbilia mlangoni. Sasa akinyoosha mkono tu, mtoto anarudi nyuma.

Wiki hiyohiyo ikafika barua ya Saadia. Abduni alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni la watu wazima, kwa hiyo aliisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari. Saadia aliandika kwamba homa imepungua. Daktari amesema huenda akaruhusiwa baada ya sikukuu. Mwishoni aliandika hivi: "Vidole vyangu vina hamu ya kichwa cha Nabra. Nikirudi, siku ya kwanza sitapika wala sitapokea wageni. Nitamsuka mwanangu."

Abduni akaikunja barua, akamtazama Nabra aliyelala. Hakuona cha kusuka pale.

Sharbat alikuwa mwanamke mwema, lakini alikuwa na watoto sita na muda mfupi. Alishauri mtoto anyolewe. Kinyozi hupita nyumba kwa nyumba siku ya Ijumaa, na kunyoa kichwa cha mtoto ni kazi ya dakika tano. Nywele ni kama majani, alisema, zitaota tena. Abduni alijua kwamba nywele haziwezi kuota urefu ule kabla ya sikukuu. Lakini hakuwa na njia nyingine. Akakubali.

Alhamisi asubuhi akaona vidonda vidogo nyuma ya masikio ya Nabra, pale kitana kilipokwaruza. Akampeleka zahanati.

Mhudumu wa zahanati alikuwa Bi Fikria. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwa Abduni. Marehemu mama yake alikuwa msusi aliyesuka maharusi wote wa kijiji chetu, na Bi Fikria mwenyewe alisomea uuguzi miaka miwili mjini. Aliposogeza mkono kutazama vidonda, Nabra aliteleza kutoka kwenye kiti, akaingia chini ya meza.

Bi Fikria hakumvuta. Aliinama, akamwuliza kwa sauti ya chini nani humchana. Nabra akaonyesha kwa kidevu.

"Baba," akasema. "Baba ananing'oa."

Abduni akatazama ukuta. Kisha akaeleza yote, misuko ya Saadia, sabuni, jua, kitana, na kinyozi wa kesho. Alisema haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza dawa chungu. Bi Fikria alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Nabra," akasema, "hebu niambie kitu. Zile nyuzi za mtende, unazisokota zikiwa kavu?"

"Kavu? Zitakatika zote mkononi. Naziloweka kwanza, usiku mzima."

"Na kamba ikijifunga mafundo, unavuta wapi?"

"Sivuti. Natafuta ncha, naanza kufungua kutoka huko."

"Basi kazi hii unaijua tangu ujana wako. Imekuwaje kichwa cha mwanao unakianza utosini, tena kikavu?"

Abduni akasema kwamba maisha yake yote amewaona wanawake wamekaa juani, nywele zao kavu, zimetulia, zinang'aa. Akadhani ndivyo zinavyochanwa.

Bi Fikria akacheka, lakini si kwa kumdhihaki. Katika kijiji chetu, siku ya kusukana, wanaume hutoka uani. Huenda kukaa kwenye mabaraza ya nje mpaka waitwe. Mwanaume anazeeka bila kuona kichwa kikiloweshwa.

"Tunawafukuza kabla ya maji," alisema. "Mkirudi mnakuta tumemaliza, tunakausha. Nyinyi mmeona mwisho wa kazi tu. Mwanzo wake hamjawahi kuuona."

Akamwambia waje kwake baada ya sala ya alasiri. Abduni akashukuru, akadhani Bi Fikria atamchana mtoto mwenyewe. Bi Fikria akakataa. Yeye yuko zamu karibu kila siku, alisema, na Sharbat ana vichwa sita vya kwake. "Mimi nitasema, wewe utafanya. Mtoto analala nyumbani kwako, halali kwangu."

Alasiri ile walikaa kwenye baraza la Bi Fikria, kwenye kivuli. Mbele yao palikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu, kipande cha sabuni laini ya kuogea, mafuta ya ufuta kwenye kikombe, na chanuo la mti lenye meno mapana. Nabra alisimama mbali, mikono kichwani.

Bi Fikria akampa Nabra lile chanuo, akamwambia aanze na baba yake. Abduni akavua kilemba, akaketi chini. Nywele zake nazo zilikuwa za kujisokota, ila fupi na zenye mvi. Nabra akasogea. Akachoma chanuo kichwani mwa baba yake, akavuta kwa nguvu zote.

"Inauma?" akauliza.

"Inauma kidogo."

"Mimi huwa inauma sana."

"Najua, mama. Sikujua kuchana. Leo ninafundishwa."

Nabra akafikiri. Akavuta mara mbili zaidi, akaridhika. Kisha akamrudishia chanuo, akakaa kati ya magoti yake.

Hivi ndivyo Bi Fikria alivyomwelekeza. Kwanza Abduni alilowesha nywele zote mpaka zikalainika. Akapaka sabuni kidogo kwenye ngozi ya kichwa tu, akasugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha, akasuuza mpaka maji yakatoka safi. Mchanga ulibaki chini ya beseni, ujazo wa kiganja. Kisha akapaka mafuta ya ufuta wakati nywele bado zina maji, ili unyevu usitoroke. Akazigawa mafungu manne, akafunga matatu, akabaki na moja.

Sasa ikafika kazi yenyewe. Bi Fikria akamwonyesha namna ya kushika fungu kwa mkono mmoja, karibu na ngozi, ili mvuto uishie mkononi mwake na usifike kichwani. Kwa mkono wa pili alianza na vidole, chini kabisa, kwenye ncha. Ncha zikiachana, anapanda kidogo. Zikiachana tena, anapanda kidogo. Chanuo lilifuata nyuma ya vidole. Nywele zikianza kukauka, anaongeza maji.

Nabra alikuwa amekaza mabega akisubiri maumivu. Hayakuja. Mabega yakashuka.

Bashiri, mkulima wa jirani, akapita na punda wake akasimama.

"Abduni," akasema, "ukimaliza hapo, mkia wa punda wangu nao umefungamana."

"Mlete," Abduni akajibu bila kuinua macho. "Ila atulie kama Nabra. Sitaki mateke."

Nabra akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mikononi mwa baba yake kwa muda wa wiki nzima.

Mafungu matatu yalimalizika. Lile la nne, la kisogoni, lilikuwa na fundo kubwa. Bi Fikria akaleta mkasi. Abduni akaomba ajaribu kwanza. Akalipaka mafuta zaidi, akalitenga unywele mmoja mmoja, kama anavyotenga kamba kuukuu asiyotaka kuitupa. Jua likashuka. Nabra akasinzia, shavu juu ya goti la baba yake. Fundo likapungua likawa kama yai, kisha kama tende, kisha kama harage. Hapo likagoma. Abduni akachukua mkasi mwenyewe, akakata kile kipande kidogo tu.

Kabla hawajaondoka, Bi Fikria alimpa lile chanuo, akamwonya mambo machache. Asimsuke kwa kubana. Misuko ikivuta mpaka nyusi zipande, au vipele vikitokea kwenye mistari, imebana mno, na nywele za pembeni mwa uso hung'oka taratibu zisirudi. Asiiache misuko zaidi ya wiki mbili, hata kama imesukwa na mtu ampendaye. Sabuni ya kufulia ibaki kwenye nguo. Na usiku mtoto afungwe kitambaa laini kichwani, kwa sababu mkeka hunyonya mafuta na kukata nywele. Kitambaa kisibane, na kisishuke usoni.

Ijumaa kinyozi alikuja na mkoba wake. Sharbat alimwelekeza kwa kaka yake. Abduni akamkaribisha chai, akakaa yeye kwenye kiti, akapunguzwa ndevu.

Tangu hapo, kila Alhamisi alasiri, Abduni alitoa beseni nje. Misuko yake ya kwanza ilikuwa minene na haikulingana. Wanaume wa barazani wakamwita msusi. Akawaambia wampe jina lolote, mradi wasimguse mtoto kichwa na mikono ya vumbi. Vidonda vya nyuma ya masikio vilipona. Nabra akawa analeta chanuo mwenyewe, na jioni moja akamkimbilia baba yake mlangoni kama zamani, kitambaa cha hariri cha mama yake kikipepea nyuma ya shingo.

Baada ya wiki chache Bashiri alikuja bila punda. Alizungumza kuhusu vitunguu kwa muda mrefu. Mwisho akauliza, huku akitazama pembeni, kama ni kweli kwamba unaanzia kwenye ncha. Mjukuu wake analia kila asubuhi, alisema. Abduni akamwambia ni kweli, akamwazima chanuo.

Usiku wa kuamkia siku ya posta, Abduni aliketi na kalamu. Aliandika polepole, akafuta, akaandika tena. Aliandika hivi:

"Kwa mama Nabra. Salamu nyingi. Mtoto ni mzima na anakula. Misuko uliyomsuka niliiacha mno, na kosa ni langu. Nilimwumiza kichwa, akaniogopa. Nikataka kumnyoa. Bi Fikria alinifundisha, na sasa namchana mwenyewe kila Alhamisi, kwa maji na mafuta, kuanzia ncha. Hanikimbii tena. Kisogoni kuna mahali pamoja, padogo kama harage, ambapo nywele ni fupi. Nilikata mimi. Ukipagusa usishtuke. Nyingine zote zipo, zinafika mabegani zikiwa na maji. Ule mstari wa katikati ndio ulionishinda. Kila mara unakwenda kombo. Huo nimekuachia wewe."

Asubuhi Nabra akaomba kulamba gundi ya bahasha. Alilamba upande mmoja, Abduni akalamba mwingine. Wakaibana bahasha kwa ngumi, mkubwa na mdogo. Mtu wa posta alipofika, Nabra ndiye aliyemkabidhi, kisha wakasimama mlangoni mpaka baiskeli yake ikapinda kona.