Mwana wa Kila Mama

Ndugu zangu, haya sikuhadithiwa, nimeyaona. Miaka tisa nimekuwa katibu wa Curtis Vossberg, mkuu wa uchangishaji fedha na uhusiano wa umma katika chuo kikuu kimoja hapa kwetu Iowa.

Jumapili moja ya Oktoba mama yake, Bi Arlene, alitualika chakula cha mchana. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mji umetulia, na nyama ya kuoka inanukia nyumba nzima. Tulipokwisha kukaa, Bi Arlene akasema, "Curtis, Alhamisi saa tatu wananipasua moyo. Daktari anasema naweza nisiamke. Utakuja?"

"Mama, hata inyeshe mvua ya mawe, nitakuwepo."

Hapo hapo simu ikalia. Alikuwa Bi Winifred Haupt, mjane tajiri wa mfanyabiashara wa mbegu, ambaye Curtis alikuwa akimbembeleza mwaka wa nne atujengee maktaba. Sauti ya Curtis ikageuka asali. "Mama Winnie, shikamoo. Yule mbwa wako mguu umepona?" Akatoka nje nusu saa nzima. Bi Arlene akaifunika sahani ya mwanawe, akaniambia taratibu, "Mie nina paka. Muulize kama anajua hata jina lake."

Jamani, niliona haya. Kila mfadhili tulikuwa na faili lake: siku ya kuzaliwa, wajukuu, maradhi, kahawa anayoipenda. Mafaili hayo niliyaandika mimi. La Bi Arlene halikuwepo.

Jumatano Bi Winifred akapiga tena. Atatia sahihi hati ya maktaba kesho yake saa nne, na Curtis aende mwenyewe.

"Bosi, kesho si siku ya mama?" nikamuuliza.

"Usinifundishe kazi. Huyu nikimwahirisha atabadili nia. Upasuaji ni mrefu, nitawahi."

"Na asipoamka?"

Akaniagiza nimletee faili la Bi Winifred.

Alhamisi tukaenda. Bi Winifred akamimina kahawa, akaanza kutusimulia habari za marehemu mumewe, kalamu iko mezani haijaguswa. Curtis alicheka kila palipostahili kicheko, huku jasho likimtoka. Ikapiga saa tano, ikapiga saa sita. Sahihi ilipopatikana alasiri, tukaendesha gari kama wendawazimu hadi hospitali.

"Jina lako halimo kwenye fomu," akasema mhudumu wa mapokezi. "Siruhusiwi kukuambia lolote."

"Mimi ni mwanawe wa pekee."

"Mtu wake wa karibu ameandika Doreen Pulaski."

Doreen ni jirani tu wa Bi Arlene. Curtis akasimama pale hajui kama ana mama au hana, mpaka Doreen mwenyewe akatokea. "Ameamka," akasema. "Alikungoja hadi wakamwingiza chumba cha upasuaji. Haya, twende."

Bi Arlene alikuwa amelala, uso umempauka. Akamtazama mwanawe.

"Umekuja kuniomba nini, mwanangu?"

Wallahi hakuwa na hasira, aliuliza kweli. Na Curtis, ambaye hajapata kukosa neno mbele ya tajiri yeyote, akaizima simu yake, akavuta kiti akaketi.

FUNZO

Mcheza kwao hutunzwa, ndugu zangu. Curtis alicheza kwa watu. Maktaba imejengwa na vijana wetu wanasoma humo, siikatai kheri yake. Lakini ukarimu unaowapa wageni, anza nao kwa waliokulea, wasije wakakuzoea kama mgeni. Nami niliyeshika usukani siku ile, nikanyamaza, sijitoi lawamani.