Mkanda wa Chuma Zizini kwa Werema

Nilirudi kuchukua mkanda tu. Mkanda wa chuma wa kupimia, mali ya serikali, ambao nilikuwa nimeusahau kwenye lango la zizi la marehemu Werema, huko Gorong'a. Jua lilikuwa linazama. Kambi yetu haikuwa mbali, nikasema nitakwenda na kurudi kabla ugali haujapoa.

Ulikuwa mwaka sabini na nne, mwaka wa kuhamia vijijini. Mimi, Ambokile, mpima ardhi kutoka Rungwe, nilikuwa na miaka ishirini na sita na kiburi cha kuitosha wilaya nzima. Serikali ilitaka eneo lile kwa uwanja wa ndege, pamoja na reli ya kuuunganisha na Musoma. Mstari wa reli niliuchora mimi mwenyewe kwenye ramani, nao ulipita katikati ya zizi la Werema. Hapo nikapiga kigingi namba kumi na saba.

Kabla trekta halijaingia, fomu ilitaka tuorodheshe makaburi ili mifupa ihamishwe kwanza. Mjane wake, mama Rhobi, alinipeleka hadi katikati ya zizi, akaonyesha chini kwa fimbo.

"Baba Heche, mume wangu, yuko hapa. Sisi, mwenye boma akifa tunamlaza zizini, ng'ombe walale juu yake, aendelee kuwasikia."

Nilitazama. Hapakuwa na tuta wala msalaba. Palikuwa na samadi tupu, imekanyagwa miaka na miaka ikawa ngumu kama sakafu. Nikamwona bibi mjanja anayetafuta namna ya kulizuia trekta. Nikaandika: Makaburi, hakuna. Bwana Selestine, mkuu wa kikosi chetu, akagonga muhuri.

Lori likawabeba watu wa boma lile kwenda kijiji kipya, ng'ombe wakaswagwa nyuma yao. Jioni niliyokwenda kufuata mkanda, ilikuwa siku ya tatu boma halina mtu. Trekta lilikuwa limeshafika kambini, linasubiri kukuche.

Harufu ndiyo iliyoanza. Samadi mbichi, ya moto... na maziwa.

Nilisimama langoni. Zizi lilikuwa tupu, naliona kwa macho yangu. Lakini lilikuwa linapumua. Pumzi nzito za ng'ombe walioshiba, hapa, pale, na kengele moja ya shingoni ikilia polepole... ngo... ngo...

Nikauona mkanda. Sikuwa nimeuacha hivyo. Ulikuwa umefunguliwa na kutandazwa chini, kutoka langoni kuelekea kwenye kigingi changu. Nikaushika, nikavuta.

Haukuja.

Nikaufuata, mguu mmoja mmoja, hadi hatua chache kutoka kwenye kigingi. Ncha ya pili ilikuwa imezama ndani ya samadi. Nikavuta tena. Ndipo mkanda ulipokazwa kutoka chini, taratibu, kama anavyokaza mtu aliyeizoea kazi ya kupima.

"Shika vizuri," sauti ikanong'ona.

Nilitaka kukimbia. Miguu ilikuwa imedidimia hadi magotini, ndani ya samadi ileile iliyokuwa ngumu mchana.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba sipo?"

Mama yangu alinilea vizuri mno. Hata pale, suruali imelowa kwa hofu, nilisema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mkanda ukakazwa tena.

"Kafute."

"Nitafuta, mzee. Leo hii."

Mkanda ukalegea, samadi ikaniachia miguu. Nikaukumbatia nikakimbia.

Kambini, Bwana Selestine alikuwa anakula. Fomu ilikuwa mkobani mwake. Ilihitajika sentensi moja tu: Bwana, nilikosea, kuna kaburi. Lakini asubuhi ileile alikuwa ametuambia kwamba atakayelichelewesha trekta afungashe virago vyake.

"Mkanda umepatikana?" akauliza.

"Umepatikana, bwana."

Nikanawa mikono, nikala ugali. Nilimwogopa aliye hai kuliko aliyekufa.

Asubuhi mama Rhobi alifika kwa miguu kutoka kijiji kipya, jembe begani, shuka mpya kwapani ya kufungia mifupa. Trekta lilikuwa limeshapita zizini mara mbili. Hakupiga yowe. Alinitazama suruali. Nilikuwa nayo ileile moja ya kazi, na samadi imeganda hadi magotini.

"Ulimwona?"

"Sikuona mtu, mama."

"Ng'ombe wameondoka siku ya nne leo. Hiyo mbichi umeikanyaga wapi?"

Aliikunja shuka yake upya, polepole, pembe kwa pembe.

"Basi. Wewe ndiye uliyemtoa kwake. Utampa pa kulala."

Reli haikuja. Uwanja wa ndege nao haukuja. Niliambiwa majani yameota hadi kiunoni pale tulipolima kwa trekta. Nilimtoa mtu nyumbani kwake kwa ajili ya mstari wa penseli, na naona aibu hadi leo.

Sasa nimestaafu, niko kwetu Rungwe. Nina ng'ombe wanne, na zizi pana la kuwatosha kumi. Tangu mwezi uliopita wote wanne wanalala mahali pamoja, wamebanana, wameacha nafasi yote iliyobaki. Nikiwafukuza wanarudi palepale. Mke wangu anasema labda wanasikia baridi.

Jana jioni nilitoa mkanda wangu wa zamani, nikaenda kupapima pale wanapolala. Futi sita. Nilipotaka kuukunja, haukuja.

Sikuvuta. Nilipiga magoti kwenye samadi, mzee wa mvi mimi, nikasema, "Shikamoo, mzee."

Safari hii hakuitikia.